Mkalimani wa Boma la Morogoro

Ukimsikia kwa mara ya kwanza ungedhani yeye ndiye mwizi. Alikuwa anasimama kwenye baraza la boma, kofia nyekundu kichwani, koti la serikali limefungwa vifungo vyote hata jua likiwa utosini, na mbele ya watu wote anasema kwa sauti pana: "Mimi niliingia zizini alfajiri nikamtoa mbuzi." Kisha anageuza shingo, anavuta pumzi, anakuwa mtu mwingine: "Mimi nakuuliza, mbuzi huyo yuko wapi sasa?" Mwizi wa kweli alikuwa amechuchumaa chini, mikono juu ya magoti, hajui Kiswahili zaidi ya salamu. Aliyeuliza alikuwa Mdachi, yaani Mjerumani, Bwana Shauri mwenye kukata kesi, nyuma ya meza, naye Kiswahili alikijua ila Kiluguru hakukijua. Katikati alisimama yeye, na kinywani mwake wote wawili walikuwa "mimi".

Tulimwita Mkalimani. Jina alikuwa nalo, bila shaka, lakini sikumsikia mtu akilitumia. Hata mkewe alimwita "huyu wa boma". Alikozaliwa sikujui. Kwetu Uluguru jambo la kwanza kumuuliza mgeni ni ukoo wa mama yake, ila yeye alikuwa na namna ya kukutazama akingoja, mpaka ukajikuta unaeleza ukoo wako mwenyewe. Pwani alikuwa ameishi, hilo lilisikika. Kiluguru chetu alikisema vizuri, lakini kama mtu anayetembea na viatu vya kuazima: hajikwai, na bado unaona si vyake.

Nilimfahamu miaka kadhaa, tangu gari moshi lilipoanza kufika mjini kwetu. Mimi nilikuwa mfinyanzi. Nilishuka kutoka Kinole na vyungu vyangu kwa sababu ya shauri moja nitakalolieleza, na shauri lilipokwisha sikupanda tena. Nilikaa kwa shangazi yangu karibu na boma, nikawa nauza vyungu na uji kwa watu waliokuja kungoja kesi zao. Walikuwa wengi. Kungoja ndiyo ilikuwa kazi kubwa ya pale.

Asubuhi, kabla baraza halijaanza, alitoka nje na kikombe cha maji, akasukutua kinywa mara tatu na kutema kwenye majani. Nilimuuliza kama ni dawa. Akasema, "Natema ya jana. Watu wa leo hawana kosa na maneno ya jana." Halafu aliketi kwenye ukuta mfupi wa mawe, akatoa kikopo cha ugoro, na wale wanaongoja wakamsogelea. Hapo ndipo alipowafundisha namna serikali ya Mdachi inavyoshughulika na makosa, maana hakuna mwingine aliyejishughulisha kuwaambia.

"Kosa lina njia yake," alisema. "Linazaliwa kijijini. Jumbe analiona kwanza, kwa sababu jumbe anajua nani hasalimiani na nani. Likimshinda, au akiliogopa, analipeleka kwa akida. Akida analipima. Likiwa dogo analimaliza mwenyewe, likiwa kubwa analifunga kamba analileta huku. Huku askari analiweka ndani, karani analiandika, mimi nalisema, Bwana Shauri analikata. Likishakatwa linakwenda kwa shaushi wa gereza, mwenye funguo. Na shaushi haulizi kitu."

"Na likiwa la damu?" aliuliza mtu mmoja siku moja.

"La damu linapanda gari moshi. Bwana Shauri hawezi kulimaliza peke yake. Karatasi inakwenda Dar es Salaam kwa Gavana, na mtu anangoja hapa mpaka irudi."

"Na Mzungu akikosa?"

"Wana baraza lao. Huko sijawahi kuitwa."

Aliwaeleza pia kwamba mwanamke hachapwi kiboko, wala Mhindi, wala Mwarabu, ila mtu mweusi mwanamume anachapwa, na kipimo cha juu kwa siku moja ni hamsa ishirini, yaani ishirini na tano. Aliyasema haya bila kupandisha wala kushusha sauti, kama mtu anayekuonyesha kivuko cha mto: hapa pana jiwe, pale pana shimo. Bibi mmoja kutoka Mgeta, ambaye mbuzi wake ndiye aliyeibwa, alisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, "Na mimi mwenye mbuzi napata nini?"

Mkalimani alifikiri. "Unapata kumwona mwizi akifungwa, mama."

"Kuona hakuna maziwa," bibi akasema.

Watu wakacheka, naye akacheka nao, lakini nilimwona akilirudia neno lile chini kwa chini. Kwetu milimani shauri kama hilo lilikwisha kwa wajomba wa pande mbili kuketi. Mbuzi anarudi na mwenzake, watu wanakula pamoja, basi. Boma lilijua kufunga. Kurudisha halikujua.

Sitaki mtu adhani alikuwa mtakatifu. Kwanza alikuwa na majivuno. Koti lile alilipiga brashi kila siku, na askari akiligusa kwa mkono wenye mafuta aligomba kama mke mwenza. Pili, alipenda vya watu. Mtu akimletea kuku kabla ya shauri alimrudisha mbele ya macho ya wote: "Mchukue kuku wako, hajui Kiswahili." Lakini shauri likishakwisha, na mtu ameshinda, huyo Mkalimani anapita nyumbani kwake kana kwamba amepotea njia, anasifu ndizi zilizo shambani mpaka anakatiwa mkungu. Wengi walisema ni rushwa iliyochelewa.

Tena, watu walimchukia. Ni lazima niseme. Hukumu ilitoka kwa Mdachi lakini masikioni mwa mfungwa iliingia kwa sauti yake: "Mimi nakupa hamsa ishirini na miezi sita ya mnyororo." Kuna mama alimtemea mate sokoni. Aliyafuta kwa ncha ya kanzu, akaniambia, "Si kosa lake. Yeye alimsikia nani?" Ila kiboko kilipoanza, pale uwanjani nyuma ya gereza, hakukaa kusikia. Alikwenda mpaka mtoni, akarudi baadaye, miguu imelowa. Nilimuuliza mara moja kwa nini. Akasema zamu yake inaishia kwenye maneno.

Na alipenda kufupisha. Hili lilikuwa fahari yake. Siku zangu za kwanza pale, mzee wa Matombo aliulizwa kama alimpiga jirani yake, naye akazungumza muda mrefu sana: mpaka wa shamba, kaburi la mama yake, mvua za mwaka ule, methali mbili. Bwana Shauri akauliza, "Amesema nini?"

"Amesema hapana, Bwana."

"Yote hayo ni hapana?"

"Hapana ya mzee, Bwana, ni nyumba yenye vyumba vingi."

Baraza zima lilicheka, Mdachi naye. Bwana Shauri alimpenda kwa hilo, maana foleni ya kesi ilikuwa ndefu. Hakuna aliyefikiri kwamba kufupisha kunaweza kumvunja mtu.

Sasa nieleze shauri lililonileta mimi.

Mdogo wangu, Mloka, alikamatwa kwa sababu ya bangili. Waya wa simu ulikuwa umekatwa njia ya Mikese, kipande kirefu, na boma likakaa siku mbili bila habari za Dar es Salaam. Amri ikamfikia akida: amlete aliyekata, la sivyo vijiji vyote vya upande ule vitatoa watu wa kazi ya barabara. Akida akaanza kutazama mikono ya watu. Mloka alikuwa na bangili mbili za shaba alizozisuka mwenyewe kwa ajili ya mchumba wake, na alikuwa amezivaa yeye kwanza ili zing'ae. Walimfunga kamba mchana, wakampeleka mjini, bangili zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa kama ushahidi.

Mjomba wetu, mkuu wa ukoo, alimpa wosia mmoja tu kabla hawajaondoka: "Ukifika mbele ya wakubwa, kuwa na adabu. Usimkate mtu neno."

Mimi nilifuata siku ile ile, vyungu kichwani, ili nionekane mtu mwenye shughuli. Siku ya tatu ya kungoja, Mkalimani aliniona nimesimama juani. Akanisemesha kwa Kiluguru: "Karibu ukae, dada. Jua kali."

Nikamjibu nilivyolelewa, kwa neno letu ambalo kwa Kiswahili ningeliita "nimepokea". Nikabaki nimesimama.

"Umekubali," akasema, "mbona huketi?"

"Sijakubali, Bwana Mkalimani. Nimepokea."

"Si neno moja?"

"Kwetu si moja. Mtu mzima akikuwekea maneno mbele, unapokea kwanza, kama unavyopokea mzigo mkononi. Kuubeba au kuutua chini, hilo linafuata."

Alikuwa ameshamimina ugoro kiganjani. Mkono ukabaki hewani. "Na mtu akiulizwa, umeiba? Akajibu hivyo?"

"Basi amesikia swali. Mngojeni sasa ajibu."

Upepo ukapeperusha ugoro wote. Hakuutazama. Aliniangalia mimi, kisha akaangalia lango la gereza, kisha akaingia ndani bila kuaga, na siku ile hakutoka tena kukaa ukutani. Nilidhani nimemkosea heshima. Nilikaa na hofu kwamba Mloka ataadhibiwa kwa ulimi wangu.

Shauri la Mloka lilisikilizwa siku mbili baadaye. Nilipata nafasi karibu na nguzo. Akida alisema yake, kwa Kiswahili kizuri: waya umekatwa, kijana ana shaba, kijana anatoka vijiji vya njia ile. Karani, kijana wa pwani mwenye mwandiko mzuri, aliandika. Bangili ziliwekwa mezani, na zilikuwa ndogo sana pale, karibu na wino.

Bwana Shauri akauliza. Mkalimani akageuka, akamwambia Mloka kwa Kiluguru: "Mimi nakuuliza, ulikata waya wa serikali?"

Mloka, mtoto wa watu, akainamisha kichwa akajibu kwa adabu yote aliyofundishwa: amepokea. Kisha akanyamaza kidogo, kama inavyopasa, kabla mtu hajasema la kwake.

Niliujua ukimya ule. Baba zangu wote walikuwa nao. Lakini kalamu ya karani ilikuwa imeshainuka, na Bwana Shauri alikuwa tayari anatazama karatasi ya kesi inayofuata.

"Amesema nini?"

Niliona jasho likishuka kutoka chini ya kofia ya Mkalimani, likaingia kwenye kola ya koti.

"Nimekuuliza, amesema nini?"

"Amesema amesikia, Bwana. Bado hajajibu."

Bwana Shauri akainua uso. "Neno hilo hata mimi nimeshalizoea. Kila siku linasemwa hapa. Kila siku unaniambia maana yake nakubali."

"Ndiyo, Bwana. Kila siku nimekosea."

Akida alicheka kidogo, akaona yuko peke yake, akaacha.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipovaa koti hili."

"Watu wangapi?"

"Sijui, Bwana. Mimi sijui kusoma. Karani anajua."

Karani akaweka kiganja juu ya kitabu, kama mtu anayefunika chakula kisiingiwe na nzi. Bwana Shauri alimtazama yeye, akakitazama kitabu, akanywa maji. Sijui aliyafikiria yapi. Najua alichosema: "Vitabu vya nyuma vimefungwa. Tuko kwenye kitabu cha leo. Mwambie aendelee."

Ndipo Mloka akasema, na Mkalimani akayasema yote, bila kufupisha hata neno moja. Kwamba alibeba nguzo za simu pamoja na wenzake wakati mafundi walipotengeneza njia. Kwamba mafundi waliwagawia wapagazi vipande vya waya vilivyobaki. Kwamba shaba yake ilikuwa mkononi mwake wiki nyingi kabla waya haujakatwa, na mchumba wake na mama wa mchumba wanaweza kuulizwa. Ilichukua muda. Bwana Shauri alitikisa mguu chini ya meza, ila alisikiliza. Akaamuru swali lipelekwe kwa msimamizi wa mafundi, kwa waya ule ule wa simu.

Jibu lilirudi baada ya siku nne. Ni kweli, vipande waligawiwa wapagazi. Ila msimamizi akaongeza kwamba mafundi hawakuwa na ruhusa ya kugawa mali ya serikali.

"Basi," alisema Bwana Shauri, "kosa lake si kukata. Kosa lake ni kupokea."

Mkalimani alilifasiri hilo kwa Kiluguru, uso kama jiwe, akatumia neno letu lile lile. Mloka alidhani anasifiwa. Alipata miezi miwili ya mnyororo, bila kiboko. Waliokata waya hawakujulikana, na vijiji havikutoa watu. Shangazi alisema tumshukuru Mungu. Nilimshukuru, huku nimekasirika.

Miezi ile miwili nilimwona ndugu yangu kila siku. Walifungwa shingoni wanane wanane, mnyororo mmoja, wakabeba mawe ya barabara na maji ya bustani ya boma. Mmoja akitaka kwenda chooni, wote wanakwenda. Niliwapa uji askari alipogeuza uso, na askari alijua kugeuza uso, kwa sababu naye nilimpa. Asubuhi moja Mkalimani alisogea pale walipokuwa wamepumzika. Alishika kipande cha mnyororo kilichokuwa kati ya shingo ya Mloka na ya mwenzake, akakiinua kwa mikono miwili, akakaa nacho hivyo, amekishikilia ili kisiwalalie. Shaushi alimpigia kelele. Alikishusha polepole, kama unavyomlaza mtoto.

Mloka alifunguliwa, akarudi Kinole. Kabla mvua za vuli hazijaanza, alikuja mkalimani mpya, mtu mchangamfu, naye yule wetu akalirudisha koti. Kuna waliosema alifukuzwa, na waliosema aliomba mwenyewe. Mkewe, aliyekuwa akikaanga mihogo nyuma ya soko, alinijibu kwa hasira: "Aliomba! Nani asiyekosea? Shaushi anakosea, Bwana Shauri anakosea, wanakula na kulala. Huyu wa boma ndiye anayejifanya Mungu alimwandikia yeye peke yake."

Mkalimani akaanza kuwatafuta wale wote aliowasemea kwamba wamekubali. Orodha hakuwa nayo, na karani aliogopa kumsomea kitabu, lakini hakuihitaji. "Nawakumbuka," aliniambia. "Nilikuwa nasema mimi, mimi. Mtu huwezi kusahau siku ulizokuwa mtu mwingine." Alinijia kuniuliza njia: Kinole unapitia wapi, mtu mrefu mwenye kovu la shavu kule Towero ni mjomba wa nani. Alikwenda kwa miguu, mtu ambaye umri ulikuwa umeshamkaa magotini. Akifika mlangoni alisema, "Mimi ndiye niliyesema umekubali. Hukukubali. Nilikosea."

Kuna aliyempa maji akamwambia aende salama. Kuna aliyemwachia mbwa. Kuna aliyemkalisha, akamsimulia siku nzima ya shauri lile, neno kwa neno, mpaka jua likachwa, kisha akamwambia, "Sasa umesikia mpaka mwisho." Na kuna mmoja aliyecheka hadi akashika mbavu: "Lakini baba, mimi niliiba kweli!" Huyo ndiye aliyemsumbua kuliko wote. Alirudi mjini akakaa nami kibandani kwangu, hakunywa hata uji. "Nilifikiri nitakuta wenye haki tu," akasema. "Kumbe nimewachanganya wote, wenye haki na wezi siwezi tena kuwatenga."

Halafu hakuonekana. Mkewe alisema yuko milimani, hataki kusema wapi. Kiangazi kikapita, na kingine. Mjini tuliendelea na yetu.

Mara ya mwisho nilimwona mwaka ambao Mloka alioa. Mchumba alikuwa amengoja, na bangili, baada ya barua nyingi za akida, zilikuwa zimerudishwa. Nilipanda na vyungu vya harusi hadi kijiji cha wakwe, juu sana, mahali ambapo mashamba yamening'inia kama nguo kwenye kamba na ukidondosha jembe unalifuata bondeni. Asubuhi baada ya harusi nilishuka mtoni. Katika shamba la maharage, upande wa chini wa njia, palikuwa na mzee anapalilia. Alikuwa amevaa kipande cha kaniki kiunoni, kichwa wazi, nywele nyeupe. Nilimjua kwa mgongo.

"Shikamoo, Bwana Mkalimani."

Aligeuka taratibu. "Marahaba, mwenye vyungu. Mloka ameoa?"

"Ameoa. Hukuja."

"Nilisikia ngoma. Ilitosha."

Nilikaa kwenye ukingo wa shamba. Hakuacha kupalilia, ila alipunguza mwendo ili tuzungumze. Shamba lilikuwa la mjane mmoja. Nyumba yake ilionekana juu, moshi ukitoka paani. Mumewe alisimama mbele ya meza ile ile ya boma, miaka kabla ya Mloka. Alisingiziwa kuchoma ghala la akida. Aliulizwa, akajibu kwa adabu, na Mkalimani akafupisha. Mtu yule alikufa kwa homa akiwa kwenye mnyororo, barabara ya Mikese. Mkewe aliletewa habari bila maiti.

"Nilipofika," Mkalimani alisema, "sikuwa na mtu wa kumwambia nilikosea. Mwenyewe hayupo. Nikamwambia mama huyu. Akawaita wajomba zake. Waliketi siku mbili. Nami nikaketi chini, pale anapoketi mshitakiwa."

"Nani alikufasiria?"

"Hakuna. Walisema polepole." Aling'oa gugu, akalikung'uta udongo. "Wakaniuliza kama nina mali. Sina. Wakauliza ukoo wangu utalipa nini. Ukoo wangu uko mbali na hawanijui tena. Basi wakasema: shamba hili lilipoteza mikono miwili. Weka yako. Ulime mpaka tukwambie basi."

"Na mjini? Mkeo?"

"Nashuka mwezi mchanga, usiku. Ananigombeza, ananipa mihogo, narudi."

Upepo ulipanda kutoka bondeni, majani ya maharage yakageuka yote kwa pamoja, upande mweupe juu. Nilimtazama mikono. Ilikuwa imekuwa mikono ya mtu wa kwetu, kucha zimekula udongo. Nikafikiri juu ya boma, njia ile ya kosa aliyowaeleza watu kila asubuhi, jumbe, akida, askari, karani, na sikuona mahali pa shamba hili katika njia ile. Nilitaka kumwuliza jambo kubwa. Nikauliza dogo.

"Wamekwambia lini itakuwa basi?"

"Wameshaniambia," akasema. "Masika iliyopita. Wajomba walikuja wote watatu, wakaleta na pombe. Mama mwenyewe ndiye aliyesema."

"Masika iliyopita! Sasa mbona bado uko hapa?"

Aliegemea jembe. Akaangalia mistari ya maharage kutoka juu hadi chini, kama mtu anayetafuta neno la Kiswahili kwa kitu cha Kiluguru.

"Maharage yalikuwa yameshapandwa," akasema.

Juu kule mlango wa nyumba ulifunguka. Mjane alitoka na sufuria ndogo, akaitua juu ya jiwe pembeni mwa njia, kisha akakaa pale pale, kando ya sufuria, kumngoja.